Mtoto Wako Ataingia Darasa Gani?

Kila mwaka, mwanzoni mwa Septemba, shule zinapofunguliwa Mutoshi na katika mitaa yote ya Kolwezi, wazazi husimama kwa safu mbele ya ofisi ya mkuu wa shule, kila mmoja na mtoto wake. Huyu ameleta karatasi za mwanawe, zimehifadhiwa vizuri katika mfuko wa nailoni. Yule hana karatasi hata moja, maana jamaa yake ilihama kwa haraka. Wa tatu amemleta kijana mrefu ambaye sauti yake imekwisha kuwa nzito, na viganja vyake vingali na sugu za kushika sururu. Wote wanauliza neno moja: mtoto huyu ataingia darasa gani?

Wasomaji wapenzi, swali hilo laonekana dogo, wala si dogo. Mkuu wa shule hulijibu kwa dakika chache, na jibu lake humfuata mtoto miaka mingi. Tumewasikia wazazi wakisema kwamba darasa ni bahati ya mtu. Wengine husema ni fadhili ya mkuu wa shule. Na wengine, kwa sauti ya chini, kwamba hununuliwa kwa fedha. Ziko kanuni za jambo hili. Na pale kanuni zinapokoma, panahitajiwa shauri la watu wenye kumjua mtoto. Kwa kuwa mzazi asiyezijua kanuni hawezi kumtetea mwanawe, wala hawezi kumzuia asijidhuru, tumeona yafaa kuzieleza hapa.

Ngazi iliyobadilishwa majina

Tuanze na ngazi yenyewe, kwani hata baba aliyesoma sana aweza kupotea ndani yake. Mtoto wa Kongo huanza shule ya primari akiwa na miaka sita, na huko hukaa miaka sita. Kisha huingia sekondari, ambayo nayo ina miaka sita. Basi jumla ni miaka kumi na miwili, na hesabu hiyo haikubadilika. Kilichobadilika ni majina. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliiunganisha miaka miwili ya kwanza ya sekondari na ile sita ya primari, ikaiita yote minane elimu ya msingi. Kwa hiyo aliyekuwa akiitwa wa mwaka wa kwanza wa sekondari sasa ni wa darasa la saba, na wa mwaka wa pili ni wa darasa la nane. Baada yake inakuja humanite, yenye miaka minne, nayo huhesabiwa upya: humanite ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Tazameni sasa matata yanayotokea nyumbani. Kijana anasema yuko humanite ya kwanza. Mjomba wake, aliyesoma miaka ya themanini, anamwambia: “Hapana, uko mwaka wa tatu.” Babu anawasikiliza wote wawili na kucheka, kwani yeye alisoma kabla ya Uhuru katika shule ya Wabelgiji, na katika shule zile madarasa yalihesabiwa kinyume. Mtoto aliingia “sixième”, yaani la sita, akashuka kwa hesabu huku akipanda kwa elimu, hata akafika la pili lililoitwa “poésie”, na la kwanza lililoitwa “rhétorique”. Mzee akikuambia kwamba alimaliza la kwanza, usidhani kwamba aliacha shule mapema. Amekuambia kwamba alifika kileleni! Ufaransa wanaendelea kuhesabu hivyo mpaka leo, na hakuna anayeona ajabu.

Walakini chini ya hesabu ile ya zamani palikuwa na jambo zito zaidi. Kwa mpango wa masomo wa mwaka 1948, watoto wa Kiafrika walichujwa wangali wadogo sana. Walisoma miaka miwili ya kwanza pamoja, kisha wakagawanywa: wengi walipelekwa njia ya kawaida ya miaka mitatu, ambayo mwisho wake ulikuwa kazi, na wachache waliochaguliwa walipewa miaka minne iliyofungua mlango wa sekondari. Mtoto wa miaka minane au tisa alikuwa amekwisha kuwekewa mpaka, na pengine hakuna aliyemwambia. Baada ya Uhuru, mageuzi ya mwaka wa shule 1961–1962 yaliusogeza mpaka huo mbele: yaliweka miaka miwili ya kuwaelekeza wanafunzi mwanzoni mwa sekondari, ili wote wasome mambo yaleyale kabla ya kutengana. Madarasa ya saba na ya nane ya leo ni watoto wa wazo lile. Twalitaja kwa sababu baadhi ya wazazi huiona miaka hiyo miwili kuwa njia ya kupita tu, hali iliwekwa makusudi ili mtoto apimwe kwa utulivu, wala asihukumiwe akiwa mchanga.

Buletini husemaje?

Mtoto aliye shuleni hupanda ngazi hii kwa buletini. Wazazi wengi huangalia mahali pawili tu juu ya karatasi hiyo: asilimia, na nafasi ya mtoto kati ya wenzake. Yafaa kuisoma yote.

Katika sekondari, mwaka una mihula miwili, na kila muhula una vipindi viwili na mtihani mmoja. Mtihani una uzito wa vipindi viwili pamoja. Tuseme somo lina alama 20 kwa kipindi: basi mtihani una alama 40, muhula una 80, na mwaka mzima 160. Kwa hesabu hiyo mzazi aweza kuona mambo ambayo asilimia peke yake huyaficha. Mtoto aliyefanya vizuri katika vipindi vyote vinne, akaanguka katika mitihani yote miwili, si mvivu. Huenda anaogopa, au hana mahali pa kurudia masomo usiku. Na yule aliyelala mwaka mzima akaamka katika mtihani amejifunza kubahatisha, nasi hatumwonei wivu. Tena masomo hayana uzito mmoja. Kuanguka katika somo lenye alama nyingi huuma kuliko kuanguka mara mbili katika masomo madogo.

Mwisho wa mwaka walimu wa darasa hukaa pamoja na mkuu wa shule, wakampima kila mtoto. Alama 50 katika mia ndizo mpaka, lakini mtu asidhani kwamba kazi yao ni kujumlisha tu. Chini ya buletini yamepigwa chapa maneno manne, nao hufuta matatu na kuliacha moja. La kwanza: mwanafunzi anapanda darasa la juu. La pili: hatapanda mpaka ashinde mtihani wa marudio katika masomo yaliyotajwa. La tatu: anarudia darasa. La nne: ameshindwa, naye anaelekezwa upande mwingine. Kisha ije siku ya kutangaza matokeo, mwanzoni mwa Julai, ambayo wote huiita proklamasio: majina husomwa mbele ya watu, wa kwanza kwanza, na mama aliyevaa kitenge kipya husikiliza mpaka mwisho, moyo wake ukishuka kwa kila jina lisilo la mwanawe.

Katika maneno hayo manne, la pili hupuuzwa mno. Mtoto mwenye marudio hana likizo. Ana wiki nane za kazi. Tumeona watoto wakirudi Septemba bila kufungua daftari hata mara moja, wazazi wakidhani kwamba mtihani wa marudio ni desturi ya kupita. Na la nne huchukuliwa kuwa tusi. Kumbe huenda walimu wanasema tu kwamba kijana asiyeweza kabisa hesabu na fizikia asiendelee katika sehemu ya sayansi, bali ajaribu biashara, au ualimu, au ufundi.

Juu ya kurudia darasa, maoni yetu ni haya. Kurudia kunafaa pale ambapo kitu kimekosekana na kitu hicho chaweza kutajwa: mtoto aliugua miezi mitatu, au alihamia katikati ya mwaka, au Kifaransa chake kilikuwa haba. Kama hakuna anayeweza kusema ni nini kilichokosekana, mtoto atarudia mwaka uleule kwa njia ileile, atokee palepale, akiwa mkubwa zaidi kwa mwaka mmoja. Mzazi anayo haki ya kumwuliza mwalimu wa darasa, kwa adabu: “Mwalimu, ni nini hasa asichokijua?” Mwalimu mwema hulifurahia swali hilo.

Lakini wako wazazi wasiouliza. Mtoto akiambiwa arudie, humhamisha shule, na huko humwandikisha katika darasa la juu kana kwamba alipanda. Zipo shule zinazofumba macho, maana kila mtoto mpya ni minervali mpya. Ndiyo sababu buletini ina mahali pa kuandika namba ya kudumu ya mwanafunzi, na Serikali ina idara yake, SERNIE, yenye kazi ya kuwatambua wanafunzi. Anayeruka kipandio kwa hila hukutana na mitihani ya taifa, na mitihani hiyo haijui jina la baba yake. Uko mtihani wa mwisho wa darasa la sita, ambao miaka mingi uliitwa TENAFEP. Asiye na cheti chake haandikishwi darasa la saba. Limewekwa pia jaribio la mwisho wa darasa la nane, TENASOSP, la kuwachagua na kuwaelekeza wanafunzi. Na mwisho wa humanite ya nne umo Mtihani wa Dola uliowekwa mwaka 1967, ambao kila mtu anaujua kwa jina la Exetat: insha ya Kifaransa kwanza, wiki kadhaa kabla, kisha siku nne za maswali. Mtoto aliyesukumwa juu bila msingi aweza kuwadanganya walimu watatu au wanne njiani, na kuanguka hapo, akiwa na miaka kumi na minane, fedha zote zikiwa zimekwisha kutumika.

Watoto wanaorudi kutoka machimboni

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hii. Wageni huifahamu Mutoshi kwa madini yake. Enzi za Union Minière mgodi huu uliitwa Ruwe. Kampuni ile, na Gécamines iliyoishika nafasi yake baada ya mwaka 1967, ilikuwa na shule katika kambi zake, na mtoto wa mfanyakazi alisoma bila kukatiza. Swali la darasa halikuwa na uchungu wakati huo: mwaka ulifuata mwaka. Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya tisini, na baada yake wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kazini katika miaka ya 2003 na 2004, jamaa nyingi zilijikuta bila mshahara na bila shule ya kampuni. Baba akageuka mchimbaji wa mikono, na mara nyingi mtoto alimfuata: kuokota mawe, kuyaosha mtoni, kubeba magunia.

Kati ya mwaka 2018 na Machi 2020 palikuwa na jaribio hapa Mutoshi la kuwaweka wachimbaji hao ndani ya eneo lililozungushiwa uzio, na watoto walikatazwa kuingia. Ni jambo jema, lakini uzio hauwezi kumpa mtoto darasa. Machi hiyohiyo ya 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengi hayakufunguliwa tena mpaka Oktoba. Hivyo hata watoto waliokuwa shuleni walionja kidogo hali ya wenzao wa machimboni, yaani kupotewa na mwaka usiofutika katika umri wao.

Basi mtoto huyu anarudi. Tuseme ana miaka kumi na miwili, na aliacha baada ya kumaliza darasa la pili. Umri wake wasema darasa la saba. Karatasi yake, kama anayo, yasema la tatu. Mkuu wa shule afanye nini?

Akimweka la tatu, atakaa na watoto wa miaka minane, magoti yake yakigonga dawati kutoka chini. Watamcheka. Naye ni mtu aliyezoea kushika fedha mkononi na kumpa mama yake za unga. Hatavumilia kuchekwa na watoto wadogo, na kabla ya Noeli atakuwa amerudi kwenye mawe. Akimweka la sita kwa sababu ya urefu wake, hatachekwa siku ya kwanza. Lakini mwalimu atamwambia asome ubaoni, naye hajui kusoma, na mwisho wake utakuwa uleule, mawe. Hizi ndizo njia mbili ambazo shule yaweza kumpoteza mtoto iliyempokea kwa mikono miwili, na zote mbili huanzia katika zile dakika chache za Septemba.

Ipo njia ya tatu, wala si wazazi wote wanaoijua. Vipo vituo vya kufidia masomo, ambavyo kwa Kifaransa hufupishwa CRS, kwa ajili ya watoto wa miaka tisa hadi kumi na minne. Humo miaka sita ya primari husomwa kwa mitatu: ngazi ya kwanza ni madarasa mawili ya mwanzo, ya pili ni la tatu na la nne, ya tatu ni la tano na la sita. Mwishoni mtoto hufanya mtihani uleule wa taifa wanaoufanya wenzake wa shule ya kawaida. Tuhesabu kwa ajili ya mtoto wetu. Akirudi darasa la tatu la kawaida, ataingia la saba akiwa na miaka kumi na sita. Akianza ngazi ya pili ya kituo, ataingia la saba akiwa na miaka kumi na minne, kati ya wenzake wanaomfikia bega. Miaka miwili aliyoiokoa, katika umri huo, yaweza kuwa tofauti ya kubaki na kuondoka. Masista wa Bon Pasteur, walioanza kazi yao Kolwezi mwaka 2012, ni miongoni mwa wanaowapokea watoto waliotoka machimboni na kuwarudisha katika masomo. Na kwa aliyepita umri wa kituo viko vyuo vya kujifunza kazi ya mikono, ambavyo twasikitika kuona vikidharauliwa na watu wasioweza hata kushona kifungo.

Hata hivyo kituo hakipo kila mahali, na mara nyingi mkuu wa shule hana budi kumpima mtoto mwenyewe. Hapo twapenda kutoa shauri moja, lililotokana na kuwatazama watoto hawa. Elimu yao haikulingana pande zote. Mtoto aliyefanya kazi kando ya wauzaji wa madini amesikia kila siku habari ya asilimia, kwa maana katika soko la Musompo bei ya gunia hutegemea asilimia ya madini iliyomo, inayopimwa kwa mashine ya mnunuzi. Anajua kuzidisha kilo kwa bei, na kugawanya fedha kati ya watu watano, bila kalamu, tena upesi, maana akikosea analala na njaa. Mpe hesabu za darasa la tano kwa mdomo, naye atazijibu. Mpe ukurasa wa Kifaransa wa darasa la pili, naye atanyamaza. Ukimpima kwa hesabu peke yake utamweka juu mno. Ukimpima kwa kusoma peke yake utamdhania mjinga, na hayo yatakuwa dhuluma. Yafaa apimwe yote mawili, na kusoma ndiko kuamue darasa, kwa kuwa masomo mengine yote humfikia mtoto kwa njia ya kusoma. Lakini mwalimu aandike pembeni kwamba hesabu zake zimetangulia, ampe kazi ya kuwasaidia wenzake katika somo hilo, na mwisho wa kipindi cha kwanza shauri litazamwe tena. Mtoto anayejua kwamba darasa alilopewa si kifungo atalivumilia hata akiwa mrefu kuliko wote.

Karatasi zinazokaa katika sanduku la shule

Liko tatizo jingine linalotuumiza, nalo si la mtoto hata kidogo. Mtoto amesoma, amefaulu, lakini mzazi hakumaliza kulipa minervali, na shule imeizuia buletini yake. Tangu Septemba 2019 primari za Serikali hazidai ada, na shule za Kikatoliki zilizo katika mapatano ya mwaka 1977 na Serikali ni miongoni mwao. Ila sekondari ilibaki ya kulipiwa. Mzazi asiyeweza kulipa huona aibu, haendi kuzungumza na mkuu wa shule, humhamisha mtoto mahali pengine bila karatasi. Huko anawekwa darasa la chini “kwa usalama”. Hivyo deni la baba linageuka mwaka mmoja wa maisha ya mtoto.

Twajua kwamba walimu wa sekondari huishi kwa fedha hizo, wala hatuwalaumu kwa kudai haki yao. Twasema tu kwamba deni ni la mzazi, na alama ni za mtoto. Mahali pengine wakuu wa shule hukubali mzazi alipe kidogo kidogo, huku shule mpya ikiandikiwa barua yenye alama zote. Mzazi mwenye deni na aende aombe jambo hilo kabla ya kumhamisha mtoto, siyo baada.

Wanaohamia huhitaji uangalifu zaidi. Kolwezi ni mji wa njia, na watoto huja kutoka nchi nyingine au huenda huko. Hapo namba za madarasa hudanganya sana. Tanzania, kwa mfano, primari ilikuwa ya miaka saba, kisha vidato vinne, kisha viwili. Basi kidato cha kwanza ni mwaka wa nane wa masomo, siyo wa saba. Mzazi aliyesikia “wa kwanza” na kumwandikisha mtoto mwaka wa kwanza wa sekondari amemrudisha nyuma mwaka mzima bila kujua. Nchi hiyo nayo inaelekea kwenye primari ya miaka sita. Kenya iliacha mpango wake wa zamani kidogo kidogo kuanzia mwaka 2017, ikaweka primari ya miaka sita, sekondari ya chini mitatu na ya juu mitatu, na kundi la kwanza lilimaliza darasa la tisa mwaka 2025. Kwa hiyo njia salama ni kuhesabu miaka ambayo mtoto ameketi darasani tangu alipoanza, bila kutazama jina la darasa. Kisha itazamwe lugha, kwa kuwa aliyefundishwa kwa Kiingereza atahitaji muda kabla ya kuelewa fizikia kwa Kifaransa, hata akiwa na akili nyingi.

Jamaa zetu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi hutuambia jambo jingine. Huko sekondari ya juu ina madarasa manne, la tisa hadi la kumi na mbili, na shule nyingi hazimpandishi mwanafunzi kwa wastani wa mwaka mzima kama kwetu. Kila somo alilofaulu humpa alama za kukamilisha, na darasa lake hufuata idadi ya alama hizo. Anayeanguka katika hesabu hurudia hesabu tu, haanzi tena historia na jiografia alizokwisha kuzishinda. Si mpango usio na kasoro, maana kijana aweza kujaza hesabu yake kwa masomo mepesi. Lakini mtu akifikiri juu ya watoto wetu wanaorudia masomo yote kwa sababu ya mawili, ataona kwamba lipo la kujifunza.

Turudi Kolwezi, kwa mtoto aliyevuka yote hayo na kufika mwisho wa darasa la nane. Hapo namba ya darasa haina shida, ila anaulizwa upande: sayansi, fasihi, ualimu, biashara, umeme, mekanika, kilimo, ushonaji. Twadhani uamuzi huu ni mzito kuliko kupanda au kurudia, kwani mwaka uliopotea huonekana, na njia isiyofaa haionekani mpaka imefika mbali. Katika nchi ya migodi kila baba anataka mwanawe awe wa umeme au wa mekanika. Ni haki yake kutaka. Lakini azitazame kwanza buletini mbili za miaka ile ya kuelekezwa, somo kwa somo, na amsikilize mwalimu, na amsikilize mtoto mwenyewe. Tena binti anayependa mashine asisukumwe kwenye cherehani kwa sababu tu ni binti.

Na mtu mzima aliyeacha njiani, akajisomea nyumbani baada ya kazi, hakusahauliwa na kanuni hizi. Aweza kuuomba Mtihani wa Dola kama mtu aliyejifundisha mwenyewe, akifanya kwanza mtihani wa awali unaoonyesha kwamba anastahili kukaa na wengine. Akiushinda, hukaa chumba kimoja na vijana wa humanite ya nne na kujibu maswali yaleyale kwa siku zilezile, na diploma atakayoipata haina tofauti na yao. Anayetaka kujaribu na aende ofisi ya wakaguzi wa elimu mapema, mwaka wa shule unapoanza, achukue na karatasi zote alizonazo, hata zile za zamani zilizoliwa na mchwa pembeni.